Karoti za Mji wa Mokami

Mbalibali,
9 Machi 2025

Mkamwana wangu Agustina,

Nimefika. Barabara ilinitikisa mpaka nikahisi mfupa unasagika, lakini nimefika, na mdogo wangu Frida amenilaza chumba cha mbele ninakoiona njia. Mtaalamu wa mifupa ameushika mguu, ameufunga upya, amesema nisikanyage chini mpaka yeye aseme.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu masikio yangu unayajua. Ukinipigia simu nitasikia kitu kinanguruma tu. Na meseji humu ndani zinaingia kwenye simu ya Brayan, mtoto wa Frida, naye huzisoma kwa sauti nyumba nzima ikasikia kabla hajaniletea. Mambo ya mji wetu, yaani ya nyumba yetu, si ya kutangazwa. Barua atazibeba Judith muuza dagaa, maana yeye anazunguka minada ya huko na ya huku.

Sasa nisome vizuri. Ile bustani ya nyuma ya nyumba, inayoshuka kijitoni, haijaguswa tangu nianguke. Shemeji yangu Nyangwine ameliona hilo. Nilipokuwa nimelazwa alikuja kunijulia hali, akasema ardhi ikikaa bure hurudi kwa ukoo, na kwamba ataliomba baraza la kijiji lije kuiangalia baada ya mavuno. Ni yeye huyo aliyetafuta gari la kunileta huku, akasema nikapumzike. Nimelala hapa najiuliza alikuwa na haraka gani.

Mume wangu alipofariki hakuniachia mtoto. Nikakuoa kwa ng'ombe wangu mwenyewe, nyumba ntobhu, kama desturi yetu inavyomruhusu mwanamke kumwoa mwanamke ili nyumba isizimike. Ukanipa Boke. Nyangwine anasema mtoto wa kike si nyumba. Mimi nasema baraza likija likute karoti, maana kila mtu kijijini Nyarero anajua kwamba pale pa Mokami ndipo penye karoti.

Lima kina kirefu, jembe lizame lote. Toa kila jiwe, karoti ikikutana na jiwe inagawanyika miguu. Usitie samadi mbichi, tia ile ya zizi la zamani iliyogeuka udongo. Mbegu ichanganye na mchanga mkavu ndipo upate kuisambaza sawasawa, kwenye vifereji vya kina cha kucha. Funika kwa udongo kidogo, juu weka nyasi kavu, mwagilia kwa kopo lililotobolewa. Kisha uvumilie, karoti inachelewa kuota kuliko mboga zote. Usihamishe miche kama ya sukuma wiki. Pale unapoimwaga ndipo itakapokulia.

Mbusu Boke. Niandikie haraka.

Mama yako,
Mokami


Nyarero,
23 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Barua yako Judith aliniletea ikiwa inanuka dagaa, nikaisoma nimesimama pale pale getini.

Bustani nimeilima. Mawe niliyoyatoa ni rundo la kufika gotini kwa Boke, naye amelifanya duka lake la kuuzia majani. Mbegu ni zile ulizoacha kwenye kopo la kahawa juu ya kabati. Nimezichanganya na mchanga wa kijitoni nilioukausha juani, nimezimwaga, nimefunika, nimetandaza nyasi. Asubuhi na jioni namwagilia.

Baba mdogo Nyangwine alipita mara moja. Hakukaa.

Mguu unaendeleaje? Hukuandika kama maumivu yanapungua. Mtaalamu anasemaje? Hapa tuko salama, usiwe na mawazo.

Mkamwana wako,
Agustina


Mbalibali,
6 Aprili 2025

Agustina,

Mguu utapona, wacha mguu.

Hapa mvua imepiga wiki nzima mpaka Frida amehamisha kuku jikoni. Je, huko imenyesha hivyo? Mbegu ya karoti ni nyepesi kama pumba. Mvua kubwa ikija kabla haijashika, inaibeba yote kijitoni, na wewe utaendelea kumwagilia udongo mtupu. Nyasi ulitandaza nzito? Ulichimba mfereji upande wa juu? Sikukuambia habari ya mfereji, na tangu mvua ianze nimekuwa nikijilaumu kwa hilo.

Halafu umeandika kwamba Nyangwine alipita, hakukaa. Nyangwine hapiti, Agustina. Nimeishi naye ukuta kwa ukuta tangu hajaota ndevu. Akija kwako ana neno. Alisema nini? Alisimama wapi, mlangoni au kule bustanini?

Je, zimeota? Nijibu hilo kabla ya yote.

Mokami


Nyarero,
15 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Mvua imenyesha lakini si ya kutisha. Mfereji nimechimba. Bustani ina kijani, na nyasi nimezitoa ili ipate jua.

Baba mdogo alikuja kuuliza hali yako tu.

Boke anakua. Nisamehe kwa barua fupi, Judith ananisubiri na beseni lake kichwani.

Agustina


Mbalibali,
11 Mei 2025

Agustina,

Barua hii nimeianza mara kadhaa nikaichana. Sasa naandika bila kuremba.

Judith amekuja jana. Nilipomuuliza habari za nyumbani akaanza kupanga dagaa zake upya. Nikajua. Nikambana, naye akaniandikia kwenye kiganja cha mkono wake kwa kalamu ili nisisingizie kutosikia: mwanaume, pikipiki, begi. Nikamlazimisha aandike yote kwenye karatasi. Anasema mwanaume alikuja kwako na pikipiki yenye namba za Kenya, akashinda pale. Jioni akaondoka na begi lako jekundu na mtoto amempakia mbele. Tangu siku hiyo Boke hajaonekana Nyarero.

Sikukuoa ili nikufunge kamba. Ukipenda mwanaume, desturi yetu ina njia zake, ungeniambia. Lakini umemtoa mtoto wangu mjini mwangu bila neno, nami nimelala hapa kama gogo. Barua zako fupi sasa nazielewa. "Bustani ina kijani." Kijani cha nini? Hata magugu ni kijani.

Kama unaondoka, ondoka mchana, watu wakikuona. Ila niambie Boke yuko wapi. Hata ukiniandikia neno hilo moja tu, niandikie.

Mokami


Nyarero,
16 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikakaa chini kwenye tuta. Siwezi kukukasirikia. Mimi ndiye niliyekupa kamba ya kunipimia.

Boke yuko Sirari kwa kaka yangu Simoni. Mwenye pikipiki ndiye Simoni, ambaye hujamwona tangu siku ya kuhesabu ng'ombe, wakati ule alikuwa kijana mwembamba hana kitambi. Siku hizi anafanya kazi na mawakala wa forodha pale mpakani, na ile pikipiki ni ya rafiki yake wa Isebania. Boke ni mzima. Ameshajifunza kusalimia "niaje" kama Wakenya na mkewe Simoni anacheka.

Sasa nikuambie yote niliyokuficha.

Mbegu za kwanza zilienda. Uliandika juu ya mvua kama vile ulikuwa umesimama hapa. Ilikuja mchana kwa kishindo, hakukuwa na mfereji, na ilipokatika nilikuta matuta yamelala kama mtu amepitisha mkono, na zile nyasi zimenasa kwenye miti ya kijitoni. Niliendelea kumwagilia, nikijiambia labda zimebaki chache. Hakukuota kitu ila magugu. Hicho ndicho kijani nilichokuandikia. Niliona haya, Mama. Na niliogopa kwamba ukijua utaushusha mguu chini ujaribu kuja.

Nilimpigia Simoni aniletee mbegu nyingine. Alileta kopo zima, akasema, "Dada, hizi ni za ukweli, watu wa huko wanapanda hizi kwa maekari." Siku aliyokuja ndiyo tuliyomwaga upya, safari hii na mfereji.

Tulikuwa hatujanawa mikono baba mdogo Nyangwine akaja. Hakusimama mlangoni. Alitembea juu ya tuta tulilotoka kulifunika, polepole, toka mwanzo mpaka mwisho. Akaniambia, "Unahangaika bure, binti. Mokami harudi. Mguu wake umeoza, nimeambiwa na watu wa huko huko Mbalibali. Akifa wewe utarudi kwenu. Lakini mtoto alizaliwa kwa ng'ombe wa ukoo wetu, mtoto atabaki kwangu."

Boke alikuwa anaosha kopo lake pembeni. Alimshika kichwani, akamwambia, "Wewe utakuja kulala kwangu, sivyo?" Mtoto akaitikia, maana tumemfundisha kuwaitikia wakubwa.

Ndiyo sababu aliondoka jioni ile ile. Niliweka nguo zake kwenye begi jekundu kwa sababu sina lingine. Mimi mwenyewe sijaenda popote. Nalala hapa, naamka hapa. Karoti zimeota, hizi kweli zimeota, kama nywele za mtoto mchanga, mstari kwa mstari. Nimeshaanza kuzipunguza ili zisibanane. Kila ninapong'oa moja moyo unaniuma kana kwamba naiba.

Nami nina swali, Mama. Je, ni kweli habari ya mguu?

Agustina


Mbalibali,
25 Mei 2025

Mkamwana wangu,

Judith amesimama hapa ananiangalia ninavyoandika, na nimemwambia asome akitaka, maana sasa sina la kumficha.

Mguu haujaoza. Nyangwine amelitia chumvi jambo ambalo hata bila chumvi lilikuwa baya. Frida alinipeleka kupiga picha. Mfupa umeungana upande, kama mti uliokulia ukutani. Daktari anasema lazima wauvunje tena, waweke chuma, ama nibaki hivi. Nimejua tangu Machi. Nilikuandikia "mguu utapona" kwa sababu niliogopa kwamba mke kijana akisikia nyumba yake ina mzee asiyetembea, ataangalia upande wa barabara. Ndiyo maana maneno ya Judith niliyameza mazima. Nilikuwa nimeshayatayarishia nafasi.

Umefanya vizuri kumpeleka Boke. Abaki huko. Nilikuandikia kwa hasira na wewe ulikuwa umemlinda mtoto. Siku nikikuona nitalisema hili mbele yako, kwenye karatasi halitoshi.

Sasa bustani. Zikifika urefu wa kidole zipalilie kwa mkono, jembe linakata mizizi. Mabega yake yakichungulia juu ya udongo, yafukie, jua likiyapiga yanageuka kijani na kuwa machungu. Usizifurikishe maji mara moja baada ya ukame, zitapasuka.

Nimeletewa habari kwamba baraza litakuja tarehe kumi na moja Julai. Nitakuwepo. Daktari asubiri, chuma kisubiri. Frida amekubali kunitafutia gari dogo lenye kiti cha mbele. Nyangwine ataniona nimeketi kwenye bustani yangu.

Mama yako,
Mokami


Nyarero,
12 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Jana nilikungoja mpaka nikawa nageuka kila injini iliposikika barabarani. Hukuja. Simu ya Brayan nimepiga haipatikani, na ya mama mdogo Frida inaita tu. Sijui kama barua hii inakwenda kwa mtu mzima au mgonjwa, lakini nitaandika kilichotokea, maana ni chako.

Jana alfajiri nilitoka kuteka maji. Nilipofungua mlango wa nyuma nilisikia pumzi. Mama, walikuwa ng'ombe, bustani imejaa migongo. Miti ya uzio ilikuwa imelazwa chini, na kamba zake hazikuwa zimekatika kwa kusukumwa, zilikuwa zimefunguliwa. Nilipiga kelele, nikapiga debe, majirani wakaja na fimbo. Tulipomaliza kuwatoa jua lilikuwa limeshatoka na hapakuwa na jani hata moja lililosimama. Matuta yalikuwa matope ya kwato.

Nilikaa kwenye yale matope. Niliwaza nikuambie nini. Niliwaza pia kwenda Sirari, Mama, sitakuficha. Nilishafika mlangoni kuchukua kanga.

Wazee wa baraza wakafika kabla sijanawa. Nyangwine alikuja nao amevaa koti. Aliwaonyesha kwa mkono, akasema, "Mnaona wenyewe. Ni tope. Mwenye eneo hayupo, na huyu binti ni mtu wa kuja, mtoto mwenyewe ni wa kike na ameshamtorosha. Ardhi ya kaka yangu imekaa bure."

Mzee Mniko, ambaye ndiye mkubwa wao, akaniuliza kama nina neno. Nikapiga magoti nikaingiza mikono kwenye tope nikavuta. Ilitoka moja. Imekatwa kichwa, lakini mwili mzima, nyekundu, ndefu kama mkono wa Boke kutoka kiwiko. Nikavuta nyingine. Nikaenda nazivuta mstari kwa mstari nikiziweka miguuni pao na hakuna aliyenizuia. Nilikuwa nalia lakini mikono haikusimama. Mke wa Nchagwa jirani yetu akaingia akaanza kuvuta na yeye, halafu wengine.

Mzee Mniko aliokota moja, akaifuta kwenye suruali. Akamgeukia Nyangwine, akamwita kama wazee wanavyomwita kijana.

"Mura, hawa ng'ombe walioingia humu ni wa nani?"

"Ni wangu, mzee. Walitoroka zizini."

"Walikuwa wanakula nini?"

Nyangwine akaanza kufunga vifungo vya koti.

"Nakuuliza, kwa sababu umetuambia hapa ni bure. Ng'ombe wako wamejuaje kwamba si bure?"

Watu hawakucheka. Hilo ndilo lililonitisha na kunipa nguvu pia, walikuwa wametulia kama kanisani. Mzee Mniko akaniuliza mimi ni nani katika mji huu. Nikasema, "Mimi ni mke wa nyumba ya Mokami. Aliniletea ng'ombe kwetu, baba yangu akawapokea, na watu waliokula siku ile baadhi yao wamesimama hapa." Mzee mmoja akainua mkono akasema ni kweli, yeye alikula.

Wameamua eneo ni la nyumba yako, na kwamba Nyangwine atajenga upya uzio kwa mikono yake. Ameanza leo asubuhi. Anachimba mashimo bila kunitazama. Nimempelekea maji ya kunywa kwa sababu ni baba mdogo, akayapokea, akayamwaga chini. Kwa hiyo sijui kama yamekwisha, au yamebadilisha njia tu.

Karoti zilizopona nimezijaza kwenye magunia. Nyingi zina alama za kwato.

Niandikie, Mama. Au mtu yeyote aniandikie.

Agustina


Mbalibali,
16 Julai 2025

Mwanangu Agustina,

Mimi ni mama yako mdogo Frida. Mikono yangu haikuzoea kalamu, utavumilia.

Simu ya Brayan ilikuwa haina umeme, huku nguzo ilianguka. Yangu ilikuwa na chaji kidogo, ila nikiona unapiga naogopa hata kupokea, kwa sababu dada alikuwa amenikataza nisikuambie, na mimi siwezi kusema uongo kwa mdomo.

Siku ile ya baraza gari lilifika alfajiri kama tulivyopanga. Dada alikuwa amevaa tangu usiku ule wa kuamkia safari, na kilemba kipya. Alikataa kubebwa. Alisema haendi kwenye baraza la Nyangwine kama mzigo. Akashika fimbo, akatembea toka mlangoni mpaka kwenye gari, na alikuwa ameshaweka mkono kwenye mlango wa gari mguu ulipokubali kuvunjika. Niliusikia. Yeye hakusikia kitu, aliona tu uso wangu.

Tukamkimbiza hospitali. Watampasua Jumatatu waweke chuma, lakini presha yake inapanda na daktari anasema umri wake si wa kuchezea. Barua yako ilimkuta wodini. Aliisoma, akairudia, akampa na nesi aisome. Pale panaposema "Mimi ni mke wa nyumba ya Mokami" amepakunja na kukunjua mpaka karatasi imechanika.

Ameniita mimi na wazee wawili wa hapa wenye undugu nasi, Tomaso na kaka yake, akatamka mbele yetu kwamba nyumba yake ni yako na ya Boke, awe wa kike awe wa nini. Ametamka kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia anaposema, wodi nzima imeshuhudia.

Sasa neno lake kwako, ameniambia niliandike kama lilivyo: Usije. Ukitoka mjini, mji utabaki wazi, na Nyangwine bado ana jembe mkononi. Kaa hapo. Panda tena. Yeye atakuja akiweza.

Nimeandika alichosema. Mimi siongezi wala sipunguzi. Ila analala ameangalia mlangoni.

Frida


Nyarero,
19 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Barua hii nampa Judith leo Jumamosi, naye anakuja huko moja kwa moja, kwa hiyo itanitangulia kidogo.

Tangu unilete hapa sijawahi kukukatalia neno. Leo nakukatalia.

Kaka yangu Simoni amekuja na Boke tangu jana. Ameomba ruhusa kazini, atalala hapa, na mke wa Nchagwa atamwangalizia mifugo na kumpikia. Mzee Mniko nimemwendea nyumbani kwake, nimemwambia naondoka na kwa sababu gani, ili isije ikasemwa kwamba nimetoroka. Alisema, "Nenda, binti. Uzio nitapita kuutazama mwenyewe."

Naogopa, Mama. Naogopa nikirudi nitakuta ng'ombe wengine. Naogopa zaidi nikikaa hapa nikilinda matuta, na Jumatatu wakuingize kule ndani huku hakuna mtu wa mji wako aliyekushika mkono. Bustani wakiichukua nitalima nyingine. Wewe sitakupata mwingine.

Asubuhi hii nimefunga mzigo wangu na wa Boke. Baba mdogo Nyangwine alikuwa kwenye uzio anakaza waya. Kwa mara ya kwanza tangu baraza alifungua mdomo, akaniuliza naenda wapi na mtoto.

Nikamwambia, "Naenda kumuuguza mwenye mji."

Aliuachia ule waya. Kisha akasogea pembeni, tukapita.

Tutafika kesho.

Mke wa nyumba yako,
Agustina